Ng'ombe wa Dada na Gari la Japani

Mimi ndiye niliyesoma bei. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nyumbani hakuna anayelisema, na ukimya wao unaniuma kuliko lawama.

Dada yangu alipoolewa walikuja ng'ombe kumi na wanane. Waliingia asubuhi, vumbi likiwatangulia, na baba alisimama kwenye lango la zizi akiwagusa mgongoni mmoja mmoja, kama anayepokea wageni. Nilikuwa msichana wa kidato cha nne. Kwetu Usukumani, upande huu wa Shinyanga wenye mbuga nyeusi na miiba mirefu, ng'ombe wa binti hawakai zizini bure. Wanamngoja kaka wa binti apate mchumba, kisha watoke kwa lango lile lile waende kumleta mke wake. Kwa hiyo ng'ombe wa dada walikuwa wa kaka tangu kabla hawajafika. Na bado walikuwa wa dada, kwa namna niliyokuja kuielewa baadaye: ndoa ikivunjika kabla ya mtoto, wanatakiwa kurudi walikotoka, wote, kwa idadi ile ile.

Kaka alikua lakini hakuoa. Alikwenda Katoro kuendesha bodaboda kati ya soko na machimbo, akiwabeba watu ambao leo wananunua bia za meza nzima na kesho wanaomba kubebwa bure. Kila aliporudi nyumbani alikuwa na vumbi jekundu kwenye nyusi na mpango mpya mdomoni. Mwaka ambao pamba ilitutupa, alikaa mbele ya baba akasema amekuja kuomba ng'ombe wake.

"Umepata mchumba?" mama aliuliza, uso ukimng'aa.

"Nimepata gari."

Baba akacheka. "Gari litakupikia ugali?"

"Litamlisha atakayenipikia. Baba, Katoro kwenda Geita watu wanasimama barabarani kama mahindi shambani. Mwenye kiti anataja nauli anayotaka. Nikiwa na gari la viti saba, mwaka mmoja tu, ng'ombe wamerudi zizini na wenzao juu."

"Na mchumba akitokea kesho?"

"Atanikuta kwenye usukani."

Baba si mtu wa kushindwa kwa maneno. Kilichomshinda kilikuwa ukame. Lambo letu lilikuwa limebaki tope lenye nyayo, na ng'ombe wawili walikuwa wamelala wakashindwa kuinuka mpaka tukawainua kwa magogo. Kila jioni aliporudi kutoka malishoni alisimama akizitazama mbavu zao. Siku ya tatu alimwambia kaka, "Gari halilii malisho." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nimemaliza chuo, sina kazi ila kuandika, jambo ambalo kwetu halihesabiwi kuwa kazi. Lakini nilijua Kiingereza, na simu yangu ilikuwa inashika mtandao ukisimama kwenye kona ya kibaraza. Basi kazi ya kutafuta gari ikawa yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi, watu wa nyumbani walinisogezea kiti.

Magari ya Japani yalikuwa yamepigwa picha kwenye lami iliyolowa mvua, mamia kwa mamia, safi kama vyombo vya siku ya harusi. Nilishangaa jinsi yalivyo rahisi. Rafiki yangu anayesoma huko aliniambia kwamba kwao gari likizeeka linageuka mzigo. Ukaguzi wake ni ghali, kodi yake ya mwaka inapanda, na wapo wanaomlipa mtu aje kuliondoa uani. Nilimweleza baba. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyesikia habari za ukoo unaowafukuza wazee wake.

Kaka alitaka kuona na mapya. Nikamtafutia aina ile ile, jipya kabisa, ambalo halijakaliwa na mtu. Rafiki yangu alisema mwalimu wa shule ya kule hulinunua kwa mshahara wake, bila kuuza kitu. Nilipotafuta bei ya jipya kama hilo kwa muuzaji wa Dar es Salaam, kodi zote zikiwa ndani, nikaona lingemaliza mazizi ya kitongoji chetu kizima.

"Gari hilo hilo?" baba aliuliza.

"Hilo hilo."

"Limekula nini njiani hata likanenepa hivyo?"

Tukacheka wote, mpaka mama aliyekuwa akichambua mboga. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kibarazani pale, na sisi tukalicheka.

Mwisho tulibaki na magari mawili. Moja lilikuwa la miaka sita, jingine la miaka kumi na minne. Baba aliyatazama kama anavyotazama ng'ombe mnadani. Alisogeza picha kwa kidole, akakagua matairi kama anayekagua kwato, akauliza umri, akataka kuona nyuma. Lile zee lilikuwa rahisi zaidi, tena kwa tofauti ya kutosha.

"Huyu," alisema. "Mzee bei yake nzuri, na akitunzwa analima."

Nikamsomea maneno madogo yaliyoandikwa chini: kwamba bei ile inafika bandarini tu, na ushuru wa nchi ya mnunuzi ni juu ya mnunuzi mwenyewe.

"Ushuru naujua," baba alisema. "Nimepeleka ng'ombe mnadani tangu hamjazaliwa. Unalipa kwa kichwa. Awe maksai wa kulimia, awe ndama anayeyumba, kichwa kimoja ushuru mmoja, unapewa risiti unapita getini. Gari moja ni kichwa kimoja. Tuseme ni kichwa kikubwa. Tutenge bei ya ng'ombe wanne."

Ningeweza kuuliza. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na mahali pa kukokotoa kodi ya gari pako wazi mtandaoni kwa yeyote anayejali kubonyeza. Sikubonyeza. Maneno ya baba yalikuwa na haki ndani yake, nami niliipenda haki ile: kila anayepita getini atoe sawa na mwenzake. Nilidhani kitu kikiwa na haki namna hiyo hakiwezi kukosa kuwa kweli.

Ng'ombe kumi na wanane wakaenda mnadani. Waliuzwa kwa bei ya ukame. Kumi na wawili walilipia gari na meli, wanne wakatengwa kwa ushuru, wawili kwa namba, bima na nauli ya kaka kwenda Dar es Salaam kulichukua. Zizini wakabaki tisa, ng'ombe wa baba mwenyewe, wakiwemo maksai wawili wa jembe. Nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa kiasi kwamba kuku walianza kuitumia.

Gari lilikuwa bado baharini dada alipokuja.

Alikuja mchana, kwa miguu kutoka barabarani, akiwa na mfuko mmoja na kilemba kilichofungwa chini sana, karibu kufunika jicho la kushoto. Kwa mumewe ni mbali, kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Nkome. Alikuwa amepanda magari matatu. Alipiga magoti akamwamkia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kusalimia?"

"Nimekuja."

Mama alimshika mkono akampeleka ndani, nami nikafuata na maji. Alipovua kilemba, mama hakulia. Aliichukua ile ncha ya kanga yake, akailowesha, akaanza kumfuta taratibu kuzunguka jicho, kama alivyokuwa akitufuta sote tulipokuwa wadogo na tumeanguka.

"Ni kwa sababu ya mtoto," dada alisema. "Kwamba sizai. Mara ya kwanza alisema ni pombe. Sasa hasemi tena kwamba ni pombe."

Baba alisikia kupitia dirishani. Akaingia, jambo asilolifanya kwenye chumba cha wanawake, akasimama katikati akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Binti yangu hatarudi kupigwa. Ng'ombe wao watarudi, wote. Nitawaswaga mimi mwenyewe."

Alipomaliza kusema, alikumbuka. Nilimwona akikumbuka. Macho yake yalikwenda dirishani, yakavuka uwanja, yakafika kwenye zizi, yakabaki huko.

Wiki hiyo hiyo simu ikaita. Alikuwa wakala wa forodha aliyekuwa akishughulikia gari letu bandarini, kijana mchangamfu wa Dar es Salaam. Niliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mzee shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Limefika?"

"Limeshuka salama, halina hata mkwaruzo. Na kodi imetoka." Akaitaja.

Baba aliniangalia, kisha akaiangalia simu. "Umesema ya magari mangapi?"

"Moja, mzee."

"Kodi hiyo inalizidi gari lenyewe."

"Ndivyo yalivyo ya umri huo, mzee. Kuna ushuru wa forodha. Juu yake ushuru wa bidhaa. Juu yake uchakavu. Juu ya vyote VAT, na vitozo vingine vidogovidogo."

"Uchakavu ndiyo nini?"

"Uzee wa gari. Likipita miaka kumi linatozwa zaidi."

"Mzee ndiye anatozwa zaidi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwani mnamzika?"

Wakala alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Kaka alidakia kwamba tuna risiti ya Japani, bei tuliyolipa ni ndogo, waitumie hiyo. Wakala akaeleza kwa upole kwamba forodha wanayo thamani yao ya kila gari, na wakiona risiti iko chini yake hawaitumii risiti.

"Ila mlikosea kidogo mwanzoni," aliendelea. "Mngechukua la miaka sita, kule mngeongeza, lakini huku kodi ingeshuka sana. Jumla mngelipa kidogo kuliko sasa. Nani aliwachagulia?"

"Nilichagua mimi," baba alisema, kabla sijafungua mdomo.

"Basi mfanye haraka, mzee. Siku za bure zikiisha, bandari inatoza kila siku gari linapolala."

Kwa siku zilizofuata nilifanya nilichopaswa kukifanya mwanzo. Nilisimama kwenye kona ya kibaraza nikisoma kodi za magari za nchi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba za majirani usiku wa msiba. Kenya, gari la umri wa letu lisingeruhusiwa kuingia kabisa. Afrika Kusini wana viwanda vyao, na magari kuukuu ya watu hawayataki. Zanzibar lingekuwa nafuu, lakini ukivuka nalo kuja bara unalipa tofauti. Nilipofika Zambia nikakaa chini. Huko magari yaliyotumika hulipiwa kiasi kilichopangwa tayari, kwa aina ya gari na ukubwa wa injini na umri. Lako ukilinunua kwa bei ya ng'ombe watatu au kumi, kiasi ni kile kile. Ilikuwa karibu kabisa na ushuru wa mnadani. Baba hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa amekosea nchi.

Nilimwambia, nikidhani itamfariji.

"Zambia ni wapi kutoka hapa?"

"Mbali, baba. Kusini, ukipita Mbeya."

"Wabeja," alisema. Asante. Akaondoka kwenda kuwanywesha ng'ombe tisa.

Kaka naye alikuwa na utafiti wake. Magari yanayokwenda Burundi na Kongo hupita Tinde na Kahama kila siku yakiwa na namba za safari, hayajalipiwa kodi ya hapa kwa kuwa si ya hapa. "Tuandike la kwetu linakwenda Bujumbura," alisema, "halafu liharibikie Tinde."

"Liharibike miaka mingapi?" baba akamuuliza. "Sikulea mwizi."

Lakini neno Bujumbura lilimfikia wakala, na wakala akapiga tena. Alikuwa amempata mtu wa Burundi aliyelitaka gari letu pale pale bandarini, kama lilivyo. Angelipa chini ya tulicholipa sisi, kiasi cha ng'ombe tisa. Nilikaa nikajumlisha. Tisa, na bei ya wale sita tuliokuwa tumetenga kwa ushuru na gharama nyingine, ni kumi na watano. Tukitoa watatu kati ya wale wa baba, kumi na wanane wametimia. Dada angekuwa huru.

Ama tulipe kodi. Hapo ilibidi kuuza saba kati ya tisa wa baba, na pikipiki ya kaka, na gari lingekuja.

Wakati huo wazee wawili wa upande wa shemeji walikuwa wameshafika. Walikaa, wakanywa maziwa, wakaongea kwa adabu ambayo haikuacha pa kushika. Kijana wao alikuwa amekosea, walisema, nao wamemkanya, wakaapa hatamgusa tena. Mkubwa wao aliweka kibuyu chini akasema, "Mkituletea ng'ombe, binti ni wenu, hatutagombana. Msipotuletea, mtuletee mke wetu. Mvua zikinyesha tuwe tumejua."

Siku ya kuamua tulikaa uwanjani asubuhi, baada ya ng'ombe kutoka. Baba kwenye kigoda, kaka mbele yake, shangazi upande, mama na dada kwenye mkeka wakichambua choroko. Mimi nilikaa karibu na dada. Jicho lilikuwa limepona, limebaki kivuli cha njano.

Kaka alianza. "Nikiuza gari, nabaki sina gari, sina ng'ombe. Nina miaka thelathini, nitaoa kwa nini? Kwa hadithi kwamba niliwahi kuwa na gari bandarini?"

"Wa kuolewa kwa hadithi ni huyu hapa," shangazi alisema, akininyooshea kidole. Shangazi ni dada yake baba na hana breki. "Ng'ombe ishirini zimekaa chumbani zinaandika. Zingetoka zikaolewa, leo tusingekuwa tunakonda hivi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nikasema, "Baba, tuuze gari."

"Rahisi kwako," kaka alijibu. "Wewe unapoteza nini?"

Baba aliniangalia kwa muda mrefu, bila hasira. "Ng'wana wane," alisema, mwanangu, "tulishauza mara moja kwa haraka. Tukiuza tena, gari limekwenda, bei tumekula hasara, zizi lina sita, na huyu hana chochote cha kuanzia. Gari likija litafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi kinarudisha."

Dada aliinua uso kutoka kwenye ungo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu tukae.

"Kaka, likianza kazi, ni ng'ombe wangapi kwa mwezi?"

Kaka alikuna shingo. "Mmoja. Mwezi mzuri, hata wawili."

"Kwa hiyo mwaka na nusu."

"Au mwaka. Inategemea."

"Na likiharibika?"

Upepo ulipeperusha makapi ya choroko yakatua kwenye magoti ya baba. Hakuyapangusa.

"Utakwenda kwa muda tu," alisema. "Wazee wao wameapa mbele yangu hatakugusa. Akikugusa, nitakuja mwenyewe."

"Kwa muda," dada alisema. Hakusema kama anayeuliza wala anayekubali. Aliusogeza ungo, akaendelea kuchambua, na niliona mkono wake ukitupa choroko nzima pamoja na mbovu.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka, nikapiga kelele, nikamshika mkono tukaondoka. Nilibaki kwenye mkeka. Nilikuwa nimetamka maneno matatu, nikayaona kuwa mengi. Na ndani yangu, mahali ambapo sipendi kufika, palikuwa na mtu aliyetaka gari lile lifike, alione kwa macho, lile lililochaguliwa kwenye simu yake, ili kosa lake lipate umbo zuri na watu walisifie.

Gari lilifika. Kaka alilileta mwenyewe kutoka Dar es Salaam, siku mbili njiani, na alipokata kona ya nyumbani wanawake walipiga vigelegele. Lilikuwa la kijivu, zuri kuliko picha. Ndani lilikuwa na harufu ya watu wasiojulikana, safi na baridi, na juu ya kioo cha mbele kulikuwa na kijikaratasi chenye maandishi ya Kijapani ambacho hakuna aliyetaka kukibandua. Mama alipita akiigusa milango yote. Baba alilizunguka mara moja, akainama akatazama chini ya bodi, akanyooka. Nyuma yake zizi lilikuwa na maksai wawili, wakitazama nao.

"Mzee mzuri," alisema. Akaingia ndani.

Safari ya kwanza ya gari lile ilikuwa kumrudisha dada.

Tulikwenda watatu, kaka kwenye usukani, mimi na dada kiti cha kati. Mama alikuwa amempa debe la karanga na vitenge viwili vipya, kana kwamba ndiyo kwanza anaolewa. Tulipita Maganzo, wachimbaji wa almasi wamekaa mbele ya vibanda, wakaligeukia gari. Tukaendelea mpaka Mwanza, tukavuka maji, tukaingia upande wa Geita ambako udongo hubadilika ukawa mwekundu na malori ya mawe ya dhahabu hayatoi njia. Kaka aliongea mwanzoni. Alisifu gia, alisifu breki. Kisha akawa anatutazama kwenye kioo.

"Dada," alisema tulipokaribia. "Nitaleta wa kwanza mwezi ujao. Nakuapia."

"Angalia barabara," dada alimwambia.

Kwa shemeji walikuwa wametusikia kabla hatujafika. Walitoka wote, watoto, bibi mmoja, wale wazee wawili wa adabu. Shemeji mwenyewe alikuja mwisho, amevaa shati safi, ananukia sabuni. Hakumtazama dada kwanza. Alilitazama gari. Akapitisha kiganja juu ya boneti tangu taa moja hadi nyingine, polepole, kama baba alivyopitisha mkono kwenye migongo siku ile.

"Kumbe ng'ombe zangu zina taa," alisema.

Watu wakacheka. Alikuwa ametania vizuri, na kaka naye alicheka, kwa sababu shemeji akikutania unacheka. Mimi nilimtazama dada. Alikuwa ameshashuka, debe kichwani, mfuko mkononi. Aliwaamkia wazee kwa magoti, mmoja mmoja, akainuka, akatembea kwenda ndani bila kugeuka. Pazia la mlango lilikuwa fupi. Niliona miguu yake ikisimama upande wa pili, ikakaa hapo, halafu ikaondoka.

Tulikaribishwa chakula. Kaka alisema tuna haraka.

Hatukuwa tumekwenda kilomita mbili aliposimama. Barabarani palikuwa na wanawake watatu waliotoka mwaloni Nkome, mitumbwi inakoshusha samaki, na mizigo yao ya dagaa, wanapunga mikono. Hatukuwa na leseni ya kubeba abiria bado. Nilifikiri amesimama ili alie, kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akateremsha kioo.

"Geita?"

"Geita, baba. Bei gani?"

Akataja nauli. Wakabishana, wakamshusha kidogo, wakaanza kuingiza ndoo. Mmoja wao, mnene, mwenye mtandio uliolowa maji ya samaki, alisimama mlangoni akinitazama.

"Mwanangu, sogea basi. Au kiti hicho kina mtu?"

Nikasogea. Kitambaa pale alipokuwa amekaa dada kilikuwa bado kina joto.

"Hakina mtu," nikasema.

Yule mama akaketi, akaweka ndoo ya dagaa katikati ya miguu yetu, na kaka akatia gia.